Mkandarasi asilipwe fungu la mwisho kabla watumishi wetu hawajaisimika seva wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo halionekani katika picha za uzinduzi wa mifumo ya TEHAMA, lakini ndilo huamua kama mifumo hiyo itakuwa hai baada ya miaka mitatu. Ni kazi ya kuandaa na kusimamia mazingira ya seva ambamo programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java huendeshwa. Nimeifanya kazi hiyo kwa muda mrefu upande wa mifumo ya afya, na nitabaki hukohuko katika barua hii, kwa sababu ndiko ninakokujua na ndiko ambako uzembe wa seva humfikia mgonjwa.

Watumishi wengi wa zahanati na vituo vya afya wanaijua DHIS2 kwa sura yake tu: ni pale takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, zinapoingizwa kila mwezi. Mfumo huu umekuzwa na mtandao wa HISP unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na Uganda, Rwanda na Tanzania zikafuata katika miaka michache. OpenMRS, ambayo hutunza rekodi za mgonjwa mmoja mmoja, iko karibu nasi zaidi, maana mizizi yake imo Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wa kuwahudumia watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Mifumo yote miwili ni programu huria, yote imeandikwa kwa Java, na kwa miaka mingi yote imekuwa ikitolewa kama faili moja la aina ya WAR linalowekwa ndani ya seva ya programu, ambayo kwa kawaida ni Apache Tomcat. Nyuma ya Tomcat hukaa kanzidata, yaani programu inayohifadhi taarifa zenyewe: PostgreSQL kwa DHIS2 na MySQL kwa OpenMRS.

Kwa msomaji asiye wa fani hii, Tomcat, ambayo kampuni ya Sun Microsystems iliikabidhi kwa taasisi ya Apache mwaka 1999, ndiyo hupokea ombi la mtumiaji kutoka mtandaoni, hulitengea ombi hilo uzi mmoja wa kazi (thread, yaani mkondo mmoja wa utekelezaji), huiacha programu iulize kanzidata kinachotakiwa, kisha hurudisha ukurasa kwa aliyeuomba. Zipo seva nyingine za aina hiyo, kama WildFly, Payara na WebLogic, zenye uwezo mpana zaidi na vipengele vingi zaidi vya kusimamia, na karibu yote nitakayoyasema yanazihusu nazo pia.

Siku ya kwanza ya kazi hii ni rahisi mno, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Mtu mwenye uzoefu anaweza kusimika Java, Tomcat na PostgreSQL kwenye mashine ya Linux, akaweka faili la WAR mahali pake na kufungua ukurasa wa kuingilia kupitia poti 8080, yote hayo asubuhi moja. Mkandarasi huuonyesha ukurasa huo kwenye skrini kubwa, wakubwa hupiga makofi, hati ya makabidhiano husainiwa, na fungu la mwisho la malipo hutoka. Mashine iliyokabidhiwa, hata hivyo, bado ina mipangilio ya kiwandani, na mipangilio ya kiwandani haikuandaliwa kwa ajili ya wilaya zote za nchi kuingiza taarifa katika wiki mbili za mwanzo wa mwezi.

Nitaanza na memori, kwa kuwa ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya "mfumo umegoma". Programu ya Java hutengewa eneo la memori linaloitwa hipu, na ukubwa wake wa juu huwekwa kwa kigezo cha Xmx. Asiyekiweka kigezo hicho huachia Java ijiamulie, nayo kwa kawaida huchukua robo ya memori ya mashine. Kwa hiyo taasisi inaweza kununua seva ya GB 16, kisha mfumo wake ukahangaika ndani ya GB 4 huku kila mtu akiamini kwamba tatizo ni mtandao. Mwingine, kwa kutaka kurekebisha, huipa hipu karibu memori yote, akasahau kwamba kanzidata iko kwenye mashine hiyohiyo, na kwamba Java yenyewe hutumia memori nyingine nje ya hipu kwa ajili ya maelezo ya madarasa, yaani vipande vinavyoijenga programu, na kwa kila uzi wa kazi, ambao kwenye Linux ya biti 64 hutengewa hadi megabaiti 1. Memori ikiisha, Linux huchagua mchakato mmoja na kuuua bila kuuliza, na mara nyingi unaouawa ni ule mkubwa kuliko yote, yaani Java au kanzidata. Katika catalina.out, faili ambamo Tomcat huandika kumbukumbu zake, hutaona kosa lolote, maana aliyeuawa hapati nafasi ya kuandika. Ushahidi uko katika kumbukumbu za mfumo endeshi, na anayeujua ni yule aliyefundishwa kuutafuta huko.

Hali inayosumbua zaidi ni ile ambayo mfumo haufi, ila unakuwa mzito hadi watumiaji wanakata tamaa. Hipu inapokaribia kujaa, Java hutumia muda mwingi kuzoa vitu vilivyokwisha kutumika, na wakati mwingine husimamisha kazi zote ili izoe. Inawezekana pia kwamba hipu ni nzima kabisa, na tatizo ni miunganisho ya kanzidata: Tomcat kwa mipangilio yake ya awali huruhusu nyuzi 200 za kazi, PostgreSQL kwa mipangilio yake ya awali hupokea miunganisho 100, na katikati yake programu ina ukomo wake yenyewe. Ripoti moja nzito inayoshikilia miunganisho kwa dakika kadhaa huwafanya wengine wote wasubiri kwenye foleni, na mtu wa zahanati anaona duara likizunguka tu. Vivyo hivyo, DHIS2 hutengeneza majedwali maalumu ya uchambuzi, kazi inayotumia nguvu nyingi za kanzidata na inayopaswa kupangwa usiku. Nimekuta mahali ilipopangwa saa nne asubuhi, wakati ambao kila wilaya ilikuwa ikiingiza takwimu.

Dawa inayotolewa katika hali zote hizi ni moja: kuzima na kuwasha upya. Mfumo unarudi, simu zinanyamaza, na chanzo kinafutika pamoja na ushahidi wake. Msimamizi aliyefunzwa hutumia dakika mbili kabla ya kuzima kuchukua picha ya nyuzi za kazi kwa amri ya jstack, kuangalia hali ya hipu, na kuorodhesha maswali yanayoendelea ndani ya PostgreSQL. Dakika hizo mbili ndizo hutofautisha taasisi inayotatua tatizo mara moja na ile inayolirudia kila mwezi. Simlaumu kijana wa TEHAMA anayewasha upya kwa haraka huku Mganga Mkuu wa Wilaya akimsubiri kwenye simu. Hakuna aliyemwonyesha njia nyingine, na mkataba uliomletea mashine hiyo haukumtaja popote.

Upande wa usalama hauna huruma kabisa. Ukifika kwenye seva iliyosimikwa kwa ajili ya kuonyesha, mara nyingi utakuta Tomcat ikiendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani mtumiaji mwenye ruhusa zote kwenye mashine, jambo ambalo maana yake ni kwamba atakayeivunja programu atakuwa ameipata mashine nzima. Utakuta ukurasa wa usimamizi wa Tomcat uko wazi kwa dunia nzima na nywila yake ni ya kubahatisha. Utakuta poti 8080 ikipokea watu moja kwa moja bila proksi, yaani seva ya kati ya kupokea maombi, mbele yake na bila cheti cha usalama, hivyo nywila za watumishi hupita mtandaoni zikisomeka. Mwaka 2020 lilitangazwa pengo lililopewa jina la Ghostcat, lililomwezesha mtu wa nje kusoma faili za programu kupitia poti 8009, poti ambayo matoleo ya wakati ule yaliifungua yenyewe ingawa taasisi nyingi hazikuwa na haja nayo. Aliyeifunga poti hiyo tangu siku ya kwanza hakuwa na la kuhofia.

Desemba 2021 ilikuwa mtihani mkubwa zaidi. Pengo la Log4Shell lilikuwa ndani ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio inayotumiwa na programu nyingi mno za Java, nalo lilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mshambuliaji alihitaji tu kuingiza maandishi fulani mahali ambapo programu ingeyaandika katika kumbukumbu zake, kwa mfano katika kisanduku cha jina la mtumiaji, na seva ingeweza kwenda kuchukua msimbo wa mshambuliaji na kuuendesha. Marekebisho yalitoka kwa mfululizo ndani ya mwezi huohuo, toleo 2.15.0, kisha 2.16.0, kisha 2.17.0, kwa sababu kila moja lilionekana kuacha upenyo. Swali ambalo kila taasisi ilipaswa kulijibu lilikuwa jepesi kulitamka: je, ndani ya mafaili ya WAR tunayoyaendesha, kuna Log4j, na ni toleo gani? Taasisi yenye msimamizi na daftari la matoleo ililijibu siku hiyohiyo. Palipokuwa na seva tu, bila mtu mwenye jukumu nayo, swali lilibaki likisubiri mkandarasi ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Kuhusu nakala rudufu, sina haja ya kurudia kwamba nakala inayokaa kwenye diski ileile haimsaidii mtu siku diski inapokufa. Nataka kusisitiza mambo mawili yanayosahaulika zaidi. La kwanza ni kwamba kanzidata peke yake haitoshi. DHIS2 ina faili la mipangilio, dhis.conf, ambalo ndani yake huwekwa nywila ya usimbaji. Taarifa zilizosimbwa haziwezi kusomeka tena nywila hiyo ikipotea, hata kama kanzidata yote imesalimika. OpenMRS nayo ina faili lake la mipangilio, na ninapendekeza litunzwe kwa uangalifu uleule. La pili ni kwamba nakala ambayo haijawahi kurejeshwa kwenye mashine nyingine haijulikani kama inafaa. Zoezi la kurejesha lifanyike kwa ratiba, na muda lililochukua uandikwe, ili Mganga Mkuu akiuliza huduma itarudi lini, jibu litokane na kipimo.

Liko pia suala la faragha ambalo sheria zetu sasa zinalitazama kwa jicho kali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Hipu ya Java inapojaa, seva inaweza kupangwa itupe nakala ya hipu yote kwenye faili ili wataalamu waichunguze, na ni mpangilio mzuri. Lakini ndani ya faili hilo mna kila kilichokuwa kwenye memori wakati ule: majina ya wagonjwa, majibu ya vipimo, na wakati mwingine nywila ya kanzidata. Nimewahi kuombwa na mtaalamu wa mbali nilitume faili la namna hiyo kwa barua pepe. Nilikataa, nikalichunguza hapahapa na kumtumia matokeo. Msimamizi asiyejua kilichomo angelituma kwa nia njema kabisa.

Wapo watakaosema kwamba hoja zangu zimepitwa na wakati, kwa sababu mifumo inahamia kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, na kwenye konteina, yaani vifurushi vinavyobeba programu pamoja na mazingira yake. Naiheshimu hoja hiyo, na nakiri kwamba kituo cha data chenye umeme wa uhakika ni bora kuliko chumba cha nyuma chenye kiyoyozi kilichokufa. Hata hivyo, wingu hukupa mashine; halikupangii hipu, halikufungii ukurasa wa usimamizi, wala halikuambii ni toleo gani la Log4j limo ndani ya programu yako. Konteina nazo zina mitego yake. Matoleo ya zamani ya Java 8, kabla ya sasisho la 191, hayakutambua kikomo cha memori kilichowekewa konteina, yakaiangalia memori ya mashine nzima na kujipangia hipu kubwa kuliko kikomo, kisha yakauawa. Kazi imehama chumba, lakini mtu wa kuifanya bado anahitajika.

Niongeze neno fupi kuhusu leseni, kwa kuwa linahusu fedha za umma. Tangu mwaka 2019 Oracle, kampuni inayomiliki Java, haitoi tena bure masasisho ya Java 8 kwa matumizi ya kibiashara, na mwaka 2023 ilileta leseni inayokokotolewa kwa idadi ya wafanyakazi wote wa taasisi. Hakuna sababu ya mifumo ninayoizungumzia kuingia katika gharama hiyo: matoleo huria ya OpenJDK, kama Eclipse Temurin, yanatosha kabisa. Inatakiwa tu iandikwe katika hati ya zabuni ni Java ipi itasimikwa, ili afisa asije akapakua yoyote anayoikuta kwanza mtandaoni.

Pendekezo langu kwa wizara, halmashauri, hospitali na wafadhili wanaolipia mifumo hii ni hili. Fungu la mwisho la malipo ya mkandarasi lisitolewe mpaka watumishi wawili wa taasisi yenyewe, mkandarasi akiwa amekaa pembeni bila kugusa kibodi, wasimike mazingira yote upya kwenye mashine tupu kwa kufuata mwongozo ulioandikwa, warejeshe nakala rudufu ya juzi, na wafungue mfumo ukiwa na taarifa kamili. Nasema wawili kwa makusudi, maana mmoja huugua, huhamishwa au hupata kazi yenye mshahara mnono kwingine. Mwongozo uwe wa Kiswahili au wa Kiingereza, kadiri watumishi wanavyofanya kazi, lakini utaje kila kigezo cha hipu, kila poti iliyofunguliwa na sababu yake, kila toleo la Java, Tomcat na kanzidata, na mahali nywila zinapotunzwa. Sambamba na mazingira ya kazi, yawepo mazingira ya majaribio yenye matoleo yaleyale, yasiyo na taarifa halisi za wagonjwa, ambako kila sasisho litapita kwanza.

Najua mkandarasi atadai kwamba sharti hili linaongeza gharama. Ni kweli linaongeza, na taasisi ikubali kuilipa gharama hiyo waziwazi katika zabuni, badala ya kuilipa baadaye kwa mikataba ya dharura isiyo na ushindani. Mkandarasi mzuri hatalikataa. Wapo niliofanya nao kazi ambao walifurahi kuona kazi yao ikieleweka na kuendelezwa. Mafunzo nayo yapo. Mtandao wa HISP huendesha kozi za usimamizi wa seva za DHIS2, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna timu inayoujua mfumo huu kwa kina. Kinachokosekana ni nafasi ya kazi yenye jina, yenye bajeti na yenye muda wa kujifunza, kwa sababu katika halmashauri nyingi afisa TEHAMA mmoja ndiye huyohuyo anayetengeneza printa, anayefunga projekta ya kikao na anayetarajiwa kujua kwa nini PostgreSQL inakataa miunganisho.

Sababu ya kuandika sasa ni tarehe iliyokwisha kutangazwa. Msaada wa Apache kwa Tomcat 8.5 ulikoma tarehe 31 Machi 2024, na yeyote anayeiendesha leo hapati tena marekebisho ya usalama kutoka Apache. Tomcat 9 nayo imepangiwa kufika mwisho tarehe 31 Machi 2027. Kuhama kutoka Tomcat 9 kwenda Tomcat 10 si suala la kubadilisha folda, kwa sababu baada ya Oracle kuikabidhi Java EE kwa taasisi ya Eclipse, ambako ikaitwa Jakarta EE, majina ya vifurushi vya msingi yalibadilika kutoka javax kuwa jakarta, na programu iliyoandikwa kwa majina ya zamani haiendeshwi na Tomcat 10 bila kugeuzwa. Apache imetoa zana ya kufanya ugeuzi huo, lakini njia salama ni kuhamia toleo la programu lililoandaliwa na watengenezaji wake kwa Tomcat mpya, ambalo huenda nalo likahitaji Java mpya zaidi na kanzidata mpya zaidi. Kila hatua kati ya hizo inahitaji kujaribiwa pamoja na moduli na ripoti tulizojiundia wenyewe. Tarehe hiyo inaangukia ndani ya mwaka wa fedha 2026/27, hivyo taasisi ambayo bado inatumia Tomcat 9 na ambayo bajeti yake ya mwaka huo haina fungu la watu wawili na mashine moja ya majaribio itafika Aprili 2027 ikiwa na rekodi za wagonjwa kwenye seva ambayo pengo lake lijalo halitazibwa na Apache.

Msimamizi wa seva,
Morogoro